Tumbo limekatwa, mkono bado: historia fupi ya kula polepole, kutoka Vienna mpaka Singida

Leo naomba tuzungumzie kula. Sio kule "kula" kwa mafisadi, huko tumeshaongea mpaka mate yamekauka. Nazungumzia kula kwenyewe: maji ya kunawa, tonge, mboga, na kushiba. Na hasa nataka tuwazungumzie watu wanaolazimika kujifunza kula upya wakiwa watu wazima na akili zao, kwa sababu wamefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito.

Usidhani ni habari za Ulaya. Kwa miaka mingi wenye uwezo walikuwa wanapanda ndege kwenda India kupunguzwa tumbo, wanarudi kimyakimya, sisi tunaambiwa "alikwenda kwenye semina". Mwaka 2022 Hospitali ya Taifa Muhimbili, kule Mloganzila, ikaanza kuwawekea watu puto tumboni. Puto sio upasuaji. Linapitishwa mdomoni kwa msaada wa kamera, linajazwa maji, linakaa miezi kadhaa kisha linatolewa. Lakini masharti ya kula yanafanana na ya aliyekatwa. Na wahitaji wapo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulikuta wanawake 22 kati ya kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene kabisa. Ule wa 2015-16 ukakuta 28.

Sisi waandishi wa habari tunapenda sana namba. Fulani kapungua kilo 30, fulani kapungua kilo 50, picha ya kabla, picha ya baada, basi, habari imekwisha. Hatuandiki juu ya Jumatatu inayofuata, mtu amekaa mbele ya ugali na hajui aanzie wapi. Hoja yangu leo ni moja: daktari anaweza kulipunguza tumbo kwa saa mbili, lakini namna tunavyokula haikai tumboni. Inakaa mkononi, kwenye sinia, na kwenye kumbukumbu ya njaa waliyoiona mababu. Hiyo haikatwi kwa kisu. Na kwa kuwa mimi ni mtoto wa Singida, nitaitazama habari hii kutokea Singida. Ila kwanza twende mbali kidogo.

Vienna, Austria, tarehe 29 Januari 1881. Daktari Theodor Billroth anampasua mwanamke mmoja, Therese Heller, mwenye saratani kwenye mlango wa kutokea chakula tumboni. Wawili walishajaribu kabla yake, Péan kule Ufaransa mwaka 1879 na Rydygier kule Poland mwaka 1880, na wagonjwa wa wote wawili walifariki. Wa Billroth akapona kidonda. Aliishi karibu miezi minne, kisha saratani iliyokuwa imeshasambaa ikamchukua.

Sasa swali lililokuwa kichwani mwa Billroth baada ya kushona ndilo swali letu la leo: mtu ambaye tumbo lake limekatwa na kuunganishwa upya, unamlisha nini, na kwa mwendo gani? Jibu alilitoa mwenyewe kwenye barua aliyoandika siku chache baadaye. Mwanzo ni barafu tu mdomoni. Kisha kijiko kikubwa kimoja cha maziwa yaliyoganda, kwanza kila saa, baadaye kila nusu saa.

Maziwa ya mgando! Nilipoyasoma hayo nilicheka peke yangu. Daktari bingwa wa ufalme mzima wa Austria, na dawa yake ya kumlisha mgonjwa ni kitu ambacho bibi yoyote wa Kinyaturu anakihifadhi kwenye kibuyu. Lakini kikubwa zaidi sio maziwa, ni kijiko na saa. Kabla ya Billroth, mtu alikula mpaka aliposhiba. Kuanzia hapo yupo binadamu anayekula kwa kipimo na kwa saa, akiwa na njaa au hana.

Mwaka 1897 Carl Schlatter wa Zürich, Uswisi, akaenda mbali zaidi: akamwondolea mgonjwa tumbo lote. Yule mama akaishi zaidi ya mwaka mmoja bila tumbo, akila kidogo kidogo mara nyingi kwa siku. Dunia ya madaktari ikashangaa. Kumbe mtu anaweza kuishi bila tumbo! Anachohitaji ni mwendo mwingine wa kula.

Miaka iliyofuata upasuaji huu ukawa wa kawaida, hasa kwa wenye vidonda vya tumbo, maana wakati huo vidonda vya tumbo vilitibiwa sana kwa kisu. Hapo ndipo jambo jipya likaonekana. Wagonjwa waliokatwa wakawa wanakula, na baada ya dakika chache moyo unakwenda mbio, jasho linawatoka, kizunguzungu, tumbo linasokota, wengine mpaka wanalala chini. Mwingereza Arthur Hertz aliyaeleza hayo mwaka 1913, na kufikia 1922 hali hiyo ilishapewa jina, kwa neno lenye maana ya kumwaga mzigo kwa mkupuo. Ndicho hasa kinachotokea. Mlango wa tumbo ulikuwa bawabu, unaruhusu chakula kipite kidogo kidogo. Bawabu akiondolewa, chakula, hasa cha sukari, kinamwagika chote kwa pamoja kwenye utumbo mdogo. Mwili unavuta maji kukichanganya, homoni zinaruka, na mwenye tumbo anadhani anakufa.

Kwa miaka mingi hiyo ilihesabika ni hasara ya upasuaji. Kisha akaja mtu aliyeitazama kwa jicho jingine.

Mtu huyo ni Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Aliona kwamba watu waliokatwa sehemu kubwa ya tumbo kwa ajili ya vidonda walikuwa wanapungua uzito na kubaki wembamba. Akajiuliza: je, wale wanaokaribia kuuawa na unene? Wenzake wa Minnesota walishajaribu njia nyingine mwaka 1954, wakauruka utumbo mrefu ili chakula kisinyonywe. Watu walipungua kweli, lakini kwa kuharisha, kukosa lishe na kuharibika maini, wengine wakafa. Njia hiyo ikaja kuachwa. Mason mwaka 1966 akafanya tofauti: akatenga kifuko kidogo juu ya tumbo na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo. Huo ndio mwanzo wa upasuaji wa kupunguza uzito kama unavyojulikana leo. Mzee Mason alifariki Desemba 2020, akiwa na miaka 100.

Siku hizi kifuko hicho kinachukua kama mililita 30, yaani vijiko viwili vikubwa vya chakula. Njia nyingine, ambayo imekuwa maarufu zaidi tangu miaka ya 2000, ni kulikata tumbo kwa urefu na kuondoa karibu robo tatu yake au zaidi, kinabaki kitu mfano wa ndizi. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa, ghrelini, ambayo Wajapani Kojima na Kangawa waliigundua mwaka 1999. Kwa hiyo waliokatwa wengi wanasema miezi ya mwanzo hawasikii njaa kabisa. Unaweza kufikiri basi, kazi imekwisha. Tumbo dogo, njaa hakuna, kuna shida gani tena?

Shida ni mkono. Njaa haipo, lakini mkono unajua njia.

Masharti yenyewe ni haya, karibu dunia nzima. Wiki ya kwanza na ya pili ni vimiminika. Zinafuata wiki za vyakula laini vilivyopondwa. Chakula kigumu kinaanza kurudi taratibu mwezi wa pili. Hapo unakula mara tano au sita kwa siku, kidogo mno, protini kwanza, ukitafuna kila tonge mpaka liwe uji, na mlo unachukua dakika 20 hadi 30. Hunywi maji ukiwa unakula, unasubiri nusu saa baada ya kula ndipo uanze kuyanywa kwa mafunda madogo. Soda marufuku. Sukari kaa nayo mbali. Na dalili ya kwanza ya kushiba ikija, unaacha, hata kama limebaki tonge moja. Mwisho kabisa, vidonge vya vitamini na madini maisha yote, maana tumbo lililokatwa halinyonyi vizuri vitamini B12, madini ya chuma wala kalsiamu.

Sasa hebu tuyachukue masharti hayo tuyapeleke Singida.

Chakula cha Singida ni ugali, na kwa wazee ni ugali wa uwele au mtama, na mboga yake ya heshima ni mlenda. Wewe uliyekulia Dar unaweza usielewe, kwa hiyo nikueleze. Ugali kwa mlenda hautafunwi. Unakata tonge, unalikandakanda kiganjani, unalichovya, mlenda unalivuta mpaka mdomoni, na tonge linateleza lenyewe kooni. Meno yanakwenda likizo. Mtoto anayetafunatafuna ugali anachekwa kwamba anaumwa meno. Sasa mwambie mtu aliyekula hivyo miaka 45 kwamba kuanzia leo atafune kila tonge mara 20. Ni kama kumwambia atafune maji.

Na vyakula vya unga ulioshikana ndivyo vinavyosumbua sana kifuko kidogo. Mkate laini, wali mkavu, nyama ngumu, na ugali wetu pia. Tonge la kawaida la mtu mzima linaingia kwenye kifuko cha vijiko viwili na kuziba njia kama gunia mlangoni.

La pili ni sinia. Wengi wetu tumekula sinia moja, watoto sita au saba, nyama imehesabiwa na mboga iko katikati. Mwendo wa kula pale haukupangwa na tumbo lako, ulipangwa na mkono wa mwenzako. Ukizubaa unakuta chini panang'aa. Mama akikuona unachelewa anasema "kula mwanangu, wenzio wanamaliza". Hakuna aliyekwambia "kula polepole". Methali ya haraka haraka haina baraka tuliijua wote, lakini kwenye sinia haikutumika.

La tatu, na hili ndilo refu, ni historia ya njaa. Kabla ya reli, barabara kuu ya misafara kati ya pwani na Tabora ilipita kusini mwa mkoa huu, upande wa Manyoni, katika pori kavu ambalo wasafiri waliliita Mgunda Mkali. Burton alipita 1857, Stanley 1871, na wapagazi maelfu kwa maelfu ambao majina yao hayakuandikwa. Posho ya mpagazi ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, kama ratili moja na nusu hivi. Wazungu wakalalamika kwenye vitabu vyao kwamba wapagazi hawana akiba, wanakula posho ya siku nyingi kwa siku chache. Mimi naona wapagazi walikuwa na hesabu zao. Nafaka iliyo mgongoni ni mzigo, inaweza kuibiwa, inaweza kulowa. Nafaka iliyo tumboni haiibiwi. Ukiona chakula, kula, maana kesho ni Mgunda Mkali.

Ikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipita katikati ya nchi yakichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Mvua nazo zikagoma. Wagogo, ambao eneo lao linaingia mpaka Manyoni, njaa ile ya 1917 hadi 1920 wakaipa jina, Mtunya. Njaa ikishapewa jina, ujue imeingia kwenye malezi. Wajukuu wa walioiona ndio waliolea wazazi wetu. Baadaye wazazi wenyewe wakaona ukame wa miaka ya 1973 na 1974, na Operesheni Vijiji ikiwahamisha watu katikati ya ukame huohuo. Wakala mahindi ya njano kutoka nje, ambayo Watanzania kwa utani wakayabatiza Yanga kwa sababu ya rangi ya jezi. Mtu wa namna hiyo akikwambia "maliza chakula", sio mlafi. Anakupa urithi.

Ndiyo maana kwetu kunenepa kulikuwa ni habari njema. "Umenawiri" ni pongezi. Baada ya Uhuru kitambi kikawa cheo kabisa. Enzi za Azimio la Arusha mnyonyaji alichorwa na kitambi kikubwa, lakini kimoyomoyo kila mtu alikitaka.

Na kukonda? Hapo ndipo pabaya. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera. Kwa miaka 20 iliyofuata, mpaka dawa za kurefusha maisha zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, kukonda kulisomwa kwa namna moja tu. Nguo zikimpwaya mtu, mtaa mzima unanong'ona: kakanyaga waya. Kizazi chetu kimekua kikisikia hivyo. Leo mtu anapungua kilo 40 kwa mwaka, kwa hiari na kwa gharama kubwa, kisha anaenda likizo kijijini. Unafikiri watasema nini?

Nina shangazi yangu mmoja aliyepitia hayo, na kwa ruhusa yake nasimulia bila jina. Alifanyiwa upasuaji nje ya nchi kwa sababu ya kisukari na magoti yaliyogoma kumbeba. Miezi saba baadaye tulikwenda naye kwenye harusi upande wa Ilongero. Wenyeji walichinja kuku wa kienyeji, na unajua kuku wa Singida sio wa mzaha. Akapakuliwa sahani ya mgeni, mlima. Akala vipande vidogo vya nyama alivyovichambua kwa vidole mpaka vikawa nyuzi, akaonja mlenda, akamega ugali mdogo kama punje ya kunde, akautafuna wee, akaweka mikono chini. Dakika 25. Sahani ikabaki kama ilivyokuja.

Mwenyeji akaumia. Akasema kwa sauti ya upole, "Wifi, chakula chetu hakikufai?" Nyuma yake wanawake wawili wakatazamana, na mimi nikajua wanachofikiri. Shangazi akaniambia baadaye njiani kwamba kile kisu hakikumuuma kama lile swali. Na akanisimulia mwezi wake wa pili baada ya upasuaji, alipojisahau siku moja na kumeza tonge kama zamani. "Mwanangu, ni kama mtu amekukalia kifuani. Huwezi kumeza, huwezi kupumua vizuri, unasubiri tu litoke." Likatoka, kwa njia lilikoingilia. Akajaribu tena kesho yake, likatoka tena. Karatasi aliyopewa hospitali ilikuwa na yogati, supu ya brokoli na viazi vya kuponda. Ugali haukutajwa popote. "Waliniambia kila kitu isipokuwa chakula ninachokula," alisema.

Mimi si daktari. Lakini hapo kuna hatari kubwa kuliko aibu ya harusini, na madaktari wanaijua. Mtu aliyekatwa tumbo akitapika mara kwa mara kwa wiki kadhaa, vitamini B1 inaweza kumwishia. Ikiisha, mishipa ya fahamu inaharibika, miguu inakufa ganzi, macho yanacheza, akili inachanganyikiwa, na madhara mengine hayarudi nyuma. Sasa fikiria mtu huyo yuko kijijini Mkalama, anatapika, amekonda, na hataki kusema alifanyiwa nini kwa sababu anaogopa maneno. Zahanati itapima malaria. Jirani atasema UKIMWI. Mwingine atasema karogwa. Akitundikiwa dripu ya glukosi bila kupewa vitamini hiyo kwanza, hali inaweza kuwa mbaya zaidi. Kumbe sentensi moja ingemwokoa: "Nilipunguzwa tumbo mwaka fulani."

Kwa hiyo siri inaua. Na siri inalelewa na sisi tunaonong'ona.

Ajabu ni kwamba chungu cha Singida hakina ubaya wowote kwa mtu huyu, kikitumiwa kwa akili. Maziwa ya mgando ya Billroth yapo, mazito, yenye protini, yanakunywewa kijiko kwa kijiko. Uji mwepesi wa ulezi au uwele upo, mradi usijazwe sukari. Supu ya kuku wa kienyeji ipo, ila nyama yake ni ngumu, ichemshwe sana na ichambuliwe. Mlenda ni laini kuliko mboga yoyote ya kwenye karatasi za kizungu. Unawekwa kwenye bakuli na kuliwa kwa kijiko, bila kulitelezesha tonge. Kunde na choroko zikipondwa ni protini ya bei ya chini. Ugali unarudi mwisho, ukiwa laini, kwa punje, na unatafunwa hata kama watoto watacheka. Vya kuogopa navyo vipo: asali yetu nzuri ya Manyoni, togwa tamu, soda ya harusi, na pombe, ambayo kwa aliyekatwa tumbo inapanda kichwani haraka kuliko anavyokumbuka.

Orodha kama hiyo ingejaa ukurasa mmoja tu. Wataalamu wa lishe tunao, wanajua uwele kwa jina na kwa ladha. Kinachotakiwa ni kuandika ushauri kuanzia kwenye chungu cha mgonjwa, sio kuutafsiri kutoka kwenye friji ya mtu wa Iowa. Na ukurasa wa pili uandikwe kwa ajili ya familia, kwa sababu mtu hali peke yake. Kama mlo wa nyumbani unakwisha kwa dakika saba, mgonjwa atakula kwa dakika saba. Kama sinia ni moja, anahitaji bakuli lake, na asionekane kwamba anajitenga kwa maringo.

Historia hii inanifundisha kitu kimoja kuhusu wale tunaowaita "wameshindwa". Utasikia: "Si alikatwa tumbo? Mbona kanenepa tena?" Ni kweli, wengine uzito unarudi, kidogo au mwingi. Mwili wenyewe unapigania uzito wake wa zamani, na kifuko kinaweza kutanuka. Lakini pia mtu huyo anapambana na mafunzo ya vizazi vinne, kila siku mara sita, mbele ya watu wanaompenda na wanaomsukumia sahani. Wapagazi walifundishwa na pori kula haraka. Sisi tulifundishwa na sinia. Yeye amepewa karatasi moja na kuambiwa ajifunze kinyume chake kwa wiki nane.

Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Huyu ndugu yetu ndiye anayeiishi methali hiyo kwa maana yake halisi, vijiko viwili kwa vijiko viwili, mpaka mwili upate kinachoutosha. Akija kwako, usimuulize "mbona huli?" Mpe bakuli dogo, mpe nusu saa, na endelea na mazungumzo. Akimaliza, usimwongeze.